Kabla ya kununua ramu, fungua laptopu usome stika

Natumia ThinkPad T450 niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Ilipoanza kuwa nzito, nikaenda dukani nikaomba ramu (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huifanyia kazi) ya GB 8 aina ya DDR3. Nikalipa, nikarudi nyumbani, nikaipachika. Ikaingia bila taabu. Nikawasha: taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Usiku ule nililala nikijua nimeiua mashine ninayoitegemea kwa kazi.

Kumbe shida ilikuwa herufi moja tu. Kwenye stika, ramu iliyokuwemo iliandikwa PC3L, hii mpya PC3. Yenye L hutumia volti 1.35, isiyo na L volti 1.5, na T450 inataka yenye L. Mkato wa katikati ya meno (vile vipande vya rangi ya dhahabu ukingoni mwa ramu) ni uleule, ndiyo maana zote mbili huingia. Ingekuwa DDR4, kizazi kilichofuata, ingegoma palepale.

Kwa hiyo fungua kwanza, piga picha ya stika ya ramu iliyomo, ndipo uende dukani na picha yako.

Zima mashine kabisa, usiilaze tu. T450 ina betri mbili: ya nje unaichomoa, ya ndani unaizima kupitia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya msingi ya mashine), unayoingia kwa kubonyeza F1 wakati inawaka. Ukichomeka chaja, betri ya ndani inarudi kazini yenyewe, basi chaja ikae mbali mpaka umalize. Ukishalegeza skrubu, achanisha mfuniko kwa kadi ngumu ya plastiki. Bisibisi huvunja vile vibanio vidogo.

Ukiwa humo, angalia feni. Yangu ilikuwa imezibwa na vumbi lililoshikana kama pamba ya mto. Ishikilie kwa kidole isizunguke, ulitoe vumbi taratibu kwa brashi laini.

Na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, mimi ningeiacha ramu ninunue SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka) ya inchi 2.5 badala ya hadidiski. Yangu ilikuwa inachukua kama dakika 3 kuwaka. Sasa hata sekunde 30 hazifiki.

Ukifunga ukakuta kioo cheusi, subiri kidogo, maana baada ya kubadilisha ramu huchelewa mara ya kwanza. Bado? Zima mashine, chomoa chaja na betri ya nje, na ya ndani uichomoe kwenye ubao kwa kuwa BIOS haionekani, kisha itoe ramu, sugua meno yake kwa raba safi ya penseli, pangusa mabaki, irudishe kwa mshazari kisha uilaze mpaka usikie vishikio vya pembeni vikilia "tak".