Funga Kitabu, Kisha Andika

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni tabia gani ya kujisomea iliyotusaidia tulipokuwa wanafunzi, na tuliijengaje. Yangu ni kufunga kitabu kila baada ya kurasa mbili na kuandika kilichobaki kichwani.

Niliianza kidato cha pili, shule ya bweni mkoani Tabora. Nilikuwa mtu wa kupiga msuli kweli kweli: prepo ikiisha wenzangu wanakwenda kulala, mimi nabaki na kitabu cha Baiolojia, sura ileile mara nne. Likaja jaribio, tueleze safari ya damu ndani ya moyo. Ukurasa niliuona machoni, hata mchoro wake wa nyekundu na buluu, lakini upande upi unasukuma damu kwenda mapafuni sikujua. Nikapata 9 kati ya 30. Iliniuma, maana usingizi niliupoteza.

Mwalimu wa taaluma aliniita, wala hakunigombeza. Alinipa kurasa mbili nisome kwa dakika kumi, akakichukua kitabu, akanisogezea karatasi tupu. "Andika." Nikatoa mistari mitatu. "Basi mwanangu, ulichokiacha ndicho cha kurudia." Baadaye nikaja kujua kwamba Mmarekani Francis Robinson alishaipanga njia inayofanana na hiyo mwaka 1946: pitia vichwa vya sura, jiulize maswali, soma, sema kwa maneno yako, rudia.

Kwetu Tanzania kuna mzigo mwingine. Shule nyingi za msingi zinafundisha kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza vitabu karibu vyote ni Kiingereza. Nilikuwa nafungua kamusi kila neno. Nikifika mwisho wa aya, mwanzo umeshanitoka. Nikabadili: nasoma aya nzima kwanza, napigia mstari kwa penseli, natafuta maana ya yale yanayojirudia tu. Muhtasari naandika kwa Kiswahili, ndipo nauhamishia Kiingereza. Wapo walimu wasiopenda hilo, lakini mimi nasimama hapo: mtoto aelewe kwanza.

Kukesha niliacha. Dakika arobaini kila jioni, na Jumapili napitia ya wiki nzima.

Kaunta buku nililokuwa naandikia ninalo mpaka leo. Moyo nimeuchora mara tatu bila kuangalia kitabu. Mara ya kwanza mishale imepishana. Ya tatu, damu inatoka ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini cha moyo upande wa kulia, inakwenda mapafuni.