Anza na mashine baridi: kukagua ekskaveta iliyotumika kabla ya kuinunua

Siku moja kabla ya kwenda kuiona mashine, mpigie muuzaji umwombe jambo moja tu: asiiwashe mpaka ufike. Ukifika, kabla salamu hazijawa ndefu, sogeza kiganja karibu na injini na rejeta. Ukikuta joto, huenda kuna kitu ambacho hukutakiwa kukiona: injini inayosumbua kuwaka, betri iliyochoka, moshi wa mwanzo, au mlio wa dakika za kwanza unaopotea oili ikishapanda. Si kila mwenye mashine yenye joto ni tapeli. Wengine waliisogeza tu ili upate nafasi ya kupita. Hata hivyo mimi huahirisha mpaka asubuhi inayofuata, na muuzaji anayeninyima hiyo asubuhi moja huwa amenijibu maswali mengi kwa mpigo.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, iwe mnanunua kwa fedha zenu au mmetumwa na mwajiri. Nitakaa zaidi kwenye ekskaveta ya cheni, kwa sababu mengi yake yanafaa pia kwa buldoza. Cha kushika ni mpangilio: kagua mashine ikiwa baridi, kisha ikiwa imewashwa, kisha ikiwa imefanya kazi mpaka imechemka. Kila hali ina kasoro zake ambazo hali nyingine huzificha. Tena gawa muda wako vizuri. Wageni wengi humaliza asubuhi nzima kwenye injini, wakazunguka mashine mara moja na kuita huo ukaguzi, wakati fedha nyingi zimelala kwenye cheni na ndani ya haidroliki.

Mita ya saa itakuvuta macho mapema. Isome, iandike, kisha ichukulie kama dai linalosubiri ushahidi. Mita hufa, hubadilishwa, hukatwa waya. Mashine ya kazi za kawaida hufanya kama saa 1,000 hadi 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo yenye umri wa miaka 10 na saa 3,000 inahitaji maelezo. Huenda yapo: kuna mashine za akiba zinazokaa bandani muda mrefu. Lakini tazama vinavyoshikwa na kukanyagwa. Pedali iliyolika mpaka chuma, vishikio vilivyong'aa, kiti kilichozama upande wa mlango, hivyo havikuja kwa saa 3,000. Kwenye mashine za kisasa kompyuta ya injini huweka hesabu yake ya saa, na fundi mwenye kifaa cha kuisoma ataona kama inalingana na ya dashibodi. Omba pia rekodi za matengenezo. Oili ya injini hubadilishwa kila saa 250 au 500 kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Rekodi ikiruka kutoka saa 2,000 hadi 4,500, uliza nani aliitunza katikati na kwa nini hakuandika.

Injini ikiwa bado baridi, fungua kila mfuniko unaofunguka. Wa rejeta hasa ufunguliwe sasa, maana ukiufungua ikiwa moto utaungua. Maji yenye utando wa mafuta, au oili ya injini iliyogeuka rangi ya maziwa, ni dalili kwamba maji na oili vimekutana mahali visipotakiwa. Maji matupu yenye kutu mahali pa kipoza injini chenye dawa yanakwambia habari za mmiliki kuliko za injini. Kwenye tangi la haidroliki, weupe wa maziwa ni maji, na harufu ya kuungua ni mfumo uliofanyishwa kazi ukiwa na joto kupita kiasi.

Sasa shuka chini, na usione haya kulala kwenye vumbi. Kwa mashine ya cheni, mfumo huu wa chini unaweza kula karibu nusu ya gharama zote za matengenezo maishani mwake, na ndipo wauzaji wajanja wanapoweka ufundi wao. Anza na meno ya sproketi, gurudumu la meno linalozungusha cheni. Jino zima lina ncha pana, na bonde lake ni la duara safi. Lililokwisha huchongoka na kulalia upande mmoja. Kisha pitisha kidole kwenye bushi za cheni, yaani vibomba vya chuma vinavyovaa pini zinazounga viungo vyake. Bushi hulika upande unaokutana na sproketi, na kwa cheni nyingi inawezekana kuzigeuza ili upande mzima ufanye kazi. Ukikuta pande mbili zimelika, ujue ziligeuzwa tayari, na nafasi hiyo ya pili haipo tena.

Kisha pima. Cheni ikiwa imekazwa, weka futi kwenye ukingo wa pini moja uhesabu viungo vinne mpaka ukingo kama huo wa pini ya tano. Kadiri pini na bushi zinavyolika kwa ndani, cheni hurefuka, na jedwali la mtengenezaji litakwambia urefu huo ni sawa na uchakavu wa asilimia ngapi. Pima pande zote mbili. Asilimia hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kwenye bei, kwa sababu muuzaji anaweza kubishana na macho yako lakini si na futi yake mwenyewe. Tazama pia gurudumu la mbele linalokaza cheni limesukumwa umbali gani: likiwa limefika mwisho wa njia yake, cheni imerefuka hata kama imekazwa ikaonekana nzuri.

Rola, yaani magurudumu madogo yanayopita juu ya cheni, zikivuja oili, au zikiwa na upande bapa kwa sababu ziligoma kuzunguka, ziandike moja moja. Usidanganywe na viatu vipya vya cheni, yaani vyuma bapa vinavyokanyaga ardhi. Kubadilisha viatu, au kuchomelea vyuma kwenye vya zamani ili vionekane virefu, ni rahisi kuliko kubadilisha cheni yenyewe. Na cheni mpya juu ya sproketi ya zamani si zawadi, maana meno yaliyochongoka huanza kula bushi mpya tangu siku ya kwanza.

Kabla hujainuka, tazama giaboksi zinazozungusha sproketi. Oili iliyoganda na vumbi kuzunguka sili, kizuizi cha oili isitoke nje, inaonyesha uvujaji wa muda mrefu. Muuzaji akikubali, legeza kizibo uone oili ya ndani: unga laini kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida.

Vyuma vya juu, yaani bumu (nguzo kubwa inayotoka kwenye mashine), mkono unaofuata na ndoo, visome kwa tochi. Rangi mpya si kosa, ila rangi iliyo mpya kwenye maungio tu inahitaji maelezo. Ufa mara nyingi hujitokeza kama mstari mwembamba wa kutu unaopenya rangi, hasa karibu na weldingi na kwenye mashina ya silinda. Ukikuta kibati kimechomelewa ubavuni mwa bumu, uliza kinafunika nini. Kazi nzuri ya weldingi ipo na hudumu, lakini nataka kujua kwa nini chuma hicho kilipasuka: bahati mbaya ya mara moja, au miaka ya kuvunja mawe kwa nyundo ya haidroliki?

Sasa washa. Moshi mweupe kidogo kwenye baridi usikutie hofu. Ukiendelea injini ikiwa na moto, ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ukitoka kidogo unapokanyaga mzigo ni kawaida, ukiwa wa kudumu ni hewa pungufu au dizeli iliyozidi. Anza na filta ya hewa na turbo kabla ya kuwaza makubwa. Injini ikiunguruma taratibu, fungua mfuniko wa kujazia oili uuweke juu ya tundu lake kichwa chini. Kutikisika kidogo ni sawa kwa injini nyingi. Ukirushwa na moshi ukapuliza kwa nguvu, mgandamizo unapita kando ya pistoni, na overhauli, yaani kuifumua injini na kuitengeneza upya, haiko mbali.

Jambo moja la injini mpya husahauliwa sana. Mashine za Tier 4 Final, kiwango cha Marekani cha kupunguza moshi wa injini, zimetengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, na nyingi zina kichujio cha masizi na tangi la urea. Kama itakwenda kufanya kazi ambako dizeli ina salfa nyingi, mfumo huo wa ekzosi utakusumbua mpaka mashine ijipunguzie nguvu yenyewe. Hapo mashine ya zamani yenye injini rahisi yaweza kuwa ununuzi bora kuliko mpya inayong'aa.

Halafu ifanyishe kazi. Namaanisha kuchimba, kubeba na kuzunguka, mpaka oili ya haidroliki ipate joto lake la kazi. Kuinua bumu mara mbili mbele ya ofisi hakutoshi. Oili baridi ni nzito na huziba uchakavu wa pampu. Ikichemka huwa nyepesi, na pampu iliyochoka huanza kupoteza nguvu. Shika saa: bumu inapanda kwa sekunde ngapi, inazunguka mizunguko mitatu kwa sekunde ngapi, kisha linganisha na kitabu cha mtengenezaji. Chagua ardhi tambarare, kanyaga pedali zote mbili hadi mwisho na uende mbele umbali wa kutosha. Ikivuta upande mmoja, shaka inaangukia mota ya upande huo, au pampu, au kiungo cha kati kinachopitisha oili kwenda chini.

Simamisha bumu juu ikiwa na ndoo iliyojaa, zima injini, weka alama kwenye fimbo ya silinda, usubiri dakika tano. Mtu yeyote asipite chini yake. Fimbo ikishuka kuliko kiwango cha mtengenezaji, kuna sili au vali inayopitisha. Fimbo zenyewe zipitishie ukucha. Mkwaruzo unaokwaruza ukucha utakata sili mpya utakazonunua. Mwisho wa zoezi, gandamiza ndoo chini mpaka sehemu ya mbele iinuke kidogo, halafu iachie, mwenzako akitazama kwa mbali nafasi ya beringi kubwa ambayo nyumba ya juu huzungukia. Ikicheza waziwazi, ipimwe kwa geji kabla hujazungumzia bei, kwa sababu kuibadilisha ni kuing'oa nyumba yote ya juu.

Mashine ikiwa bado moto, chukua sampuli za oili za injini, haidroliki na kila giaboksi uzipeleke maabara. Chuma na shaba huonyesha vinavyolika, silika huonyesha vumbi lililoingia, sodiamu na potasiamu huashiria kipoza injini kinachovuja ndani. Uliza oili ina saa ngapi tangu ibadilishwe. Iliyowekwa jana haina la kusema, na kwa mashine inayouzwa huwa najiuliza kwa nini imebadilishwa jana.

Mashine nyingine zina mahali pake pa kuchelewa. Loda la magurudumu, nenda kwenye kiungo cha katikati ambako linakunjika, kisha tairi, ambazo bei yake hushtua. Greda, shika duara linalozungusha bapa na reli zake. Likicheza, hutapata barabara iliyonyooka.

Karatasi nazo zikaguliwe penye mashine, si ofisini. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zina namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17. Kibati chake kilingane na namba iliyogongwa kwenye fremu na iliyo kwenye hati. Kibati chenye riveti mpya kwenye mashine kuukuu kinatosha kusitisha mazungumzo. Hakikisha pia haina deni la benki, maana deni hufuata mashine.

Ukikubaliana, piga picha za namba ya injini, pampu, mota na silinda, pamoja na kila ndoo na kila kiambatisho kilichoahidiwa, viandikwe kwenye mkataba. Siku ya kupakia, uwepo mwenyewe na picha hizo mkononi. Kati ya malipo na lori, ndoo nzuri na betri mpya huwa na tabia ya kubadilika.