Doa dogo, mkono mzito: kusoma picha ya ubongo baada ya kiharusi

Msomaji mmoja ameuliza: kwenye picha ya ubongo wa baba yake aliyepata kiharusi, doa, yaani sehemu iliyoumia, ni dogo kama punje ya haragwe, mbona mkono haunyanyuki? Mgonjwa wa kitanda cha pili ana doa kubwa, naye keshaanza kushika kikombe.

Ndugu yangu, usipime doa kwa ukubwa, angalia limekaa wapi. Nyuzi za neva zinazopeleka amri mkononi huanza zikiwa zimetawanyika kwenye gamba la ubongo, tabaka lake la nje, kisha hubanana katika kijia chembamba kilicho ndani kabisa kabla ya kushuka kwenye uti wa mgongo. Doa la sentimita moja hapo penye msongamano laweza kukata nyingi kwa mpigo. Doa la ukubwa wa yai upande wa mbele laweza lisiziguse kabisa. Kwa hiyo muulize daktari wa picha: njia ya neva za mwendo imeguswa, na kwa kiasi gani?

CT, picha ya eksirei ya kichwa, ya saa za kwanza hasa hutafuta damu iliyovuja. Mshipa ukiwa umeziba, yaweza kutoka safi kabisa na kiharusi kipo. MRI, picha ya sumaku, ile inayofuatilia mwendo wa maji kwenye chembe za ubongo, huliona doa mapema zaidi, likiwa linang'aa. Ila ikirudiwa baada ya wiki kadhaa ule mng'ao hufifia, familia ikashangilia kwamba ubongo umepona, mazoezi yakaachwa. Hili linaniuma sana. Mng'ao umeondoka, jeraha lipo palepale!

Kuna pia MRI ya utendaji, inayoonyesha damu inakokimbilia mtu akifumba kiganja. Mwanzoni pande zote mbili za ubongo huwaka. Kwa wanaopona vizuri, kazi hurudi taratibu upande ulioumia. Kwa mgonjwa mmoja mmoja usiitegemee. Kichwa kikisogea milimita chache, au mkono usioumwa ukijikunja pamoja na ule mgonjwa, picha hupotosha.

Halafu msisahau mkono wenyewe. Siku ya 3 baada ya kiharusi, mtaalamu wa viungo apime nguvu ya kuinua bega kwa pembeni na ya kunyoosha vidole, kila kimoja alama 0 hadi 5. Jumla ya alama hizo mbili ikifika 5 au zaidi, tarajia mkono urudi vizuri. Ikiwa chini ya hapo, kipimo cha sumaku juu ya kichwa huonyesha kama amri bado inafika kwenye msuli. Mtafiti Cathy Stinear na wenzake wa Auckland, New Zealand, waliounda utaratibu huu, mwanzoni waliweka MRI ndani yake. Katika toleo la 2017 wakaiondoa.