Maswali ya Wasomaji: Kubadili treni King's Cross

SWALI: Binti yangu anakwenda kusoma Leeds, Uingereza. Akishuka Heathrow atapanda treni ya chini ya ardhi hadi King's Cross, London, abadili hapo. Nasikia njia sita zimerundikana mahali pamoja na watu hupotea. Kwa nini wasingejenga stesheni moja inayoeleweka? Na apiteje akiwa na mabegi mawili?
Mzazi, Uyole, Mbeya

JIBU: Mzazi wetu, hakuna aliyekaa akaipanga iwe stesheni moja. Kila kampuni ilichimba kwa wakati wake, na kina kilitegemea aina ya injini. Reli ya Metropolitan, iliyofunguliwa Januari 10, 1863, ilikuwa ya mvuke. Barabara ilifukuliwa, zikajengwa kuta za matofali, likawekwa tao, kisha barabara ikarudishwa juu yake. Kwenda chini zaidi ilikuwa taabu, kwa kuwa moshi ulihitaji pa kutokea. Umeme ulipokuja, kikwazo hicho kikaondoka: ngao ya chuma ilisukumwa ndani ya udongo wa mfinyanzi, na nyuma yake mafundi wakafunga pete za chuma moja baada ya nyingine. Njia ya Piccadilly ilifika hapo 1906, ile inayoitwa Northern leo ikafuata 1907, Victoria 1968. Katikati ya hayo, mwaka 1941, majukwaa ya Metropolitan yalihamishiwa magharibi ili yakaribiane na njia za chini.

Kwa hiyo Metropolitan, Circle na Hammersmith & City zinatumia majukwaa mawili yaleyale karibu na uso wa ardhi. Piccadilly, Northern na Victoria ziko chini zaidi, kila moja na majukwaa yake. Ninyi wa Uyole, ambako reli ya TAZARA inafikia kimo chake cha juu kabisa, mita 1,789, mtacheka kusikia watu wakipanda ngazi ndefu za umeme ili tu waione barabara.

Binti apande Piccadilly, rangi ya buluu iliyokoza, treni iliyoandikwa Cockfosters au Arnos Grove. Ni kama saa nzima. Anapoingia agusishe kadi yake ya benki kwenye geti, na akitoka aguse kadi ileile. Asipogusa kutoka, atakatwa nauli ya juu kabisa. Akishuka na mabegi afuate alama za lifti, hata kama zinamzungusha. Akilazimika kupanda ngazi za umeme, asimame kulia. Kushoto ni kwa wenye haraka, na hawana simile.

Wengi hukosea wakishafika juu. Kuna stesheni mbili kubwa zinazotazamana ng'ambo ya barabara: King's Cross na St Pancras. Treni ya Leeds inaondokea King's Cross. St Pancras ni ya Sheffield, Nottingham na treni za Paris. Asifuate umati.

SWALI: Ni kweli stesheni hiyo iliwahi kuungua? Moto unaanzaje chini ya ardhi?
Msomaji, Mafinga, Iringa

JIBU: Kweli. Novemba 18, 1987, jioni, watu 31 walikufa. Ngazi za umeme zinazopanda kutoka Piccadilly zilikuwa za mbao. Njiti ya kiberiti ilipenya kwenye upenyo wa pembeni, ikaangukia grisi iliyochanganyika na vumbi na takataka za miaka mingi. Uvutaji sigara ulikuwa umeshapigwa marufuku vituoni, ila watu waliwasha wakiwa njiani kutoka.

Moto ulionekana mdogo. Kilichoua ni mteremko: miale ililala ndani ya mfereji wa ngazi, ikapasha mbao zilizo mbele yake, kisha ikalipuka ghafla hadi ukumbi wa tiketi. Wachunguzi walijenga mfano mdogo wa ngazi hizo, wakauwasha, wakaona tabia ileile. Baada ya hapo mbao zilianza kung'olewa, lakini kazi ilichukua muda: ngazi za mwisho za mbao, kituo cha Greenford, zilisimamishwa 2014.