Jibu: Santuri za baba hazipatikani kwenye Spotify

Salaam ndugu. Umesema ukiandika majina ya nyimbo za santuri za baba kwenye Spotify, ile programu ya kusikiliza muziki mtandaoni, huambulii kitu. Mimi za mzee wangu, alizonunua River Road, Nairobi, nyingi nilizipata nilipoacha kutafuta kwa jina la wimbo. Anza na lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri: soma bendi na namba ya santuri. Tafuta namba hiyo Discogs, tovuti yenye orodha ya santuri, uone tahajia ya majina, kisha urudi Spotify. Majina ya bendi yanachanganya, Simba Wanyika si Les Wanyika, jaribu yote. Zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, mara nyingi wimbo ulikatwa upande A na B, mtandaoni ukaunganishwa, kwa hiyo usishangae dakika zikizidi. Mbili nilizikuta YouTube tu, mtu karekodi santuri yenyewe, hadi mikwaruzo inasikika. Tatu bado nazisaka.