Mtoto asifiwe vipi?

SWALI: Mwanangu ana miaka miwili. Mama mkwe anasema nikimsifu sana atadeka. Niache?
Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Usiache, dada, badili maneno tu. Akivaa kandambili mwenyewe, sema hapohapo: "Umevaa mwenyewe, hata ile ya kushoto iliyokusumbua!" Ukimzoesha "Una akili wewe!" atakwepa jambo gumu, asije akaonekana hana. Mwaka 1998 huko Marekani, watafiti wa saikolojia Mueller na Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili walikata tamaa upesi, mafumbo yalipowashinda, kuliko waliosifiwa kwa bidii. Mtoto mchanga, mdogo kuliko wako, yeye hapimi maneno. Uso na sauti yako vyamtosha. Ila kumpigia mwanao makofi ya pongezi kwa kila kijiko cha uji, hapana: atakula akikutazama wewe, si tumbo lake.