Sangara wa sentimita 50 ameshazaa? Nilichokiona tumboni mwake

Mkuu, umeuliza kama sangara wa sentimita 50, ambaye sheria inaruhusu avuliwe, huwa ameshazaa au tunavua mtoto. Akiwa dume, huenda ameshakomaa. Akiwa jike, mara nyingi bado.

Nimekulia Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, nimepasua sangara tangu niko darasa la tano, maana mama mdogo alikuwa anatengeneza kayabo, yaani sangara wa kukaushwa kwa chumvi. Kwa nje huwezi kumtofautisha dume na jike, lazima umpasue. Ukishatoa utumbo, tazama juu, sambamba na bondo, ule mfuko wake wa hewa. Jike mchanga ana vifuko viwili vyembamba vya rangi ya waridi, na hata ukivifinya huoni punje. Aliyekomaa vifuko vimevimba, vina rangi ya njano, mayai yake madogo kama chenga za unga wa dona. Aliyetoka kutaga vimenywea, vina wekundu. Dume yeye ana vipande viwili vyeupe, na akiwa tayari, ukivikata vinatoa kama maziwa.

Kuna siku baba mdogo alirudi na majike wawili ambao sijawasahau. Mmoja alikuwa sentimita 57, kilo mbili na kidogo, halali kabisa. Ndani hamna kitu, vifuko kama uzi. Wa pili alipita mita moja, na mayai yake peke yake yalijaza nusu karai. Hapo ndipo nilipoelewa. Jike anachelewa: wengi mpaka wapite sentimita 60, wengine hata 70, ndipo wanataga. Lakini akishafika, mwili mkubwa unabeba mayai kwa mamilioni. Ndiyo maana sangara wakubwa kabisa karibu wote ni majike. Na hao ndio tunaowasaka zaidi, kwa sababu bondo kubwa lina bei. Inaniuma sana hii, maana wadogo nao wanamalizwa na makokoro, zile nyavu za kukokota, kwenye ghuba za maji mafupi, kule kule wanakokulia wakila uduvi kabla hawajaanza kufukuza dagaa na furu, vile visamaki vidogo vya ziwani.

Kuna mdau kasema samaki akiwa mdogo basi ni mchanga. Si lazima. Sato wa bwawani wakibanana na chakula kikiwa haba, wanadumaa lakini wanazaa hivyo hivyo. Utamkuta jike wa ukubwa wa kiganja ana mayai mdomoni, maana ndiko sato anakoyalea. Urefu ni kipimo cha kukadiria tu, tumboni ndiko kwenye ushahidi.

Kwa hiyo mkuu, kwa mtumbwi wako usiishie kwenye rula. Nyavu za sangara ziwe macho ya inchi 6 kwenda juu, timba, zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, achana nazo kabisa, maana samaki akishanasa na kufa hata ukimrudisha majini haisaidii. Kupima, mlaze ubavu kwenye ubao, anzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Usipitishe futi kamba juu ya tumbo, utajiongezea sentimita ambazo hazipo.

Halafu jaribu hivi: chukua majike kumi wa kati ya sentimita 50 na 60, upasue, uhesabu wangapi wana mayai ya njano. Mimi beseni zima huwa napata mmoja, siku nyingine sipati hata huyo.